Mota au injini gani kwa ndege ya rimoti ya gramu 900? Ipo mezani, naomba hesabu

Kipanga_Mdogo
Wakuu, salaam. Nina ndege ya fomubodi ya kujifunzia: bawa liko juu, mita 1.15 ncha hadi ncha, upana wa bawa sentimita 20. Ikiwa na servo nne (vimota vya kusukuma usukani) na risiva (kipokezi cha rimoti), bila injini, betri wala tangi, mizani inasoma gramu 560. Kilichobaki ni cha kuivuta tu, na chaguo ni hizi:

a) injini ya mafuta ya .15, imetumika kidogo, ina eksozi yake
b) mota ya umeme A2212 ya 1000kV, hii inayouzwa kila kona
c) injini ya mashine ya kufyekea majani, nzima kabisa

Itarushwa Dar, uwanja wa mpira. Naomba hesabu, siyo ushabiki.

FundiSindano
Mkuu, hiyo (c) iondoe leo leo. Mashine za kufyekea huwa na injini za 25cc, 33cc na hata zaidi. Hata ukivua klachi, kifuniko na staa, inabaki na zaidi ya kilo moja. Yaani injini peke yake inaizidi ndege yako nzima. Zinafungwa kwenye ndege za mita 1.8 na kuendelea. Tena petroli na fomu havikai pamoja: tone likidondoka linachimba shimo palepale.

Sasa (a). Hiyo .15 ni ujazo wa silinda kwa inchi za ujazo, sawa na 2.5cc. Nguvu inayo, na chenji inabaki. Shida ni mizigo inayokuja nayo. Injini na eksozi, kama gramu 200. Tangi la 100cc likijaa, 105. Servo ya kabureta, 10. Betri ya risiva ya seli nne za AA, 100. Jumla 415. Umeshafika gramu 975 na bado hujaweka ukuta wa plaiwudi wa kuhimili mtetemo.

Halafu eksozi ya glo (ndiyo hizi injini ndogo za methanoli, kama hiyo .15) haitoi moshi mtupu, inatema mafuta. Karibu asilimia 20 ya unachomimina kwenye tangi ni mafuta ya kulainisha, na mengi yanatoka bila kuungua. Yanalowa kwenye karatasi ya fomubodi, karatasi inabanduka, gundi ya moto inaachia. Glo inataka balsa (mbao nyepesi sana) iliyofunikwa vizuri. Mimi ni mtu wa glo, lakini kwa mwili huo chukua umeme.

Mwewe_wa_Pwani
Naunga mkono. Umeme kwa ndege yako: mota gramu 70, ESC (kile kidude kinachogawia mota umeme) 28, betri ya seli tatu ya 2200mAh karibu 180, propela na nyaya 30. Jumla 308, ndege inaishia karibu 870 hadi 900.

Lakini usikimbilie A2212. Ndege ya umeme inapimwa kwa wati kwa kila kilo, ikiwa tayari kuruka, na wati ni zile zinazotoka kwenye betri. Ya polepole sana inatosheka na 110 hadi 150 kwa kilo. Ya kujifunzia, 150 hadi 200. Sarakasi za kawaida, 200 hadi 240. Ya kuning'inia pua juu, zaidi ya 300. Wewe kwa gramu 900 unatafuta wati 135 hadi 180. Betri ya seli tatu ikibanwa hushuka hadi karibu volti 11, kwa hiyo ni ampea 12 hadi 16.

A2212 ina gramu 50 hivi na karatasi yake husema ampea 12 kwa sekunde 60. Dari yake ni wati 132. Pale inapoishia yeye ndipo unapoanzia wewe. Itairusha, sikatai, ila itakuwa imekabwa koo safari nzima.

Kipimo cha haraka dukani: gramu moja ya mota isibebeshwe zaidi ya wati 3. Gramu 50 ni wati 150 za muda mfupi, gramu 70 ni 210. Tafuta ya gramu 65 hadi 80, kV 900 hadi 1100, inayoruhusu ampea 18 hadi 20. Saizi ya 2217 iko humo. Na namba hizo zisikuchanganye: 22 ni kipenyo cha kiini cha ndani kwa milimita, 17 ni kimo chake, lakini kuna viwanda vinaandika vipimo vya ganda la nje. Mizani haidanganyi, amini uzito.

Kipanga_Mdogo
Shukrani mkuu. Swali: hiyo hiyo A2212 ipo ya 1400kV kwa bei ileile. kV kubwa si ndiyo nguvu zaidi?

Mwewe_wa_Pwani
Hapana, na hapa ndipo mota nyingi huungulia. kV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, bila mzigo. 1000kV kwa volti 11.1 ni mizunguko 11,100. Ukifunga propela inabaki asilimia 75 hadi 80, tuseme 8,500. Ichukulie kama gia ya baiskeli: kV kubwa inazungusha propela ndogo kwa kasi, kV ndogo inazungusha kubwa polepole. Nguvu inaamuliwa na propela unayoitundika.

Propela 10x5 ni kipenyo inchi 10, pichi (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) inchi 5. Kasi ya hewa inayotoka nyuma yake: mizunguko × pichi × 0.001524, jibu ni kilomita kwa saa. 8,500 × 5 × 0.001524 = 65. Ndege yako itaanza kuanguka ikishuka chini ya kilomita 26 kwa saa hivi. Unataka kasi ya propela iwe mara mbili na nusu hadi tatu ya hiyo. 10x5 inaangukia pazuri. Ile 1400kV na 8x4 itapiga kelele sana na kuvuta kidogo kwa ndege ya mwendo huu.

Sasa hatari yenyewe. Mzigo wa propela unakua kwa kipeo cha nne cha kipenyo: kutoka inchi 9 hadi 10 kwa mizunguko ileile ni 1.11 mara yenyewe mara nne, yaani asilimia 52 zaidi. Kwa macho ni sentimita mbili na nusu tu. Mtu anavunja 9, anafunga 10 iliyokuwepo, dakika tatu baadaye ananusa vanishi ya nyaya za mota ikiungua.

Ampea_Mkali
Mnamchosha kijana na mahesabu. Achukue A2212 yake, aweke betri ya seli nne, inapaa kama roketi.

Mwewe_wa_Pwani
Kaka, kwa propela ileile ampea hupanda kwa kipeo cha pili cha volti na wati kwa kipeo cha tatu. Toka 11.1 kwenda 14.8: ampea × 1.78, wati × 2.37. Mota iliyokuwa na ampea 12 inaombwa 21. Seli nne zinawezekana, ila unashusha propela hadi 8 au unachukua mota ya kV ndogo. Tena ESC nyingi za bei poa zinatoa zile volti 5 za servo kwa kuchoma volti zinazozidi ziwe joto. Kwa seli tatu na servo nne ndogo zinavumilia. Kwa seli nne zinachemka na kukata, na zikikata, rimoti haina tena wa kuongea naye.

Nyika1700
Niongeze kuhusu propela. Hizi 10x4.7 zinazouzwa pamoja na A2212 nyingi ni za aina ya polepole, huandikwa SF. Kwa propela zake za SF, kiwanda cha APC kinaweka kikomo cha mizunguko 65,000 kugawa kwa kipenyo cha inchi. Kwa inchi 10 ni 6,500 tu, na seli tatu zinaizungusha 8,500. Zinapinda, zinapiga makelele, na siku moja jani linaruka. Zenye herufi E kikomo ni 145,000 kugawa kipenyo, yaani 14,500. Nunua 10x5E. Usisimame usawa wa propela unapojaribu, simama nyuma.

Kwa wenzangu wa bara. Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Dar, na jua likiwaka inapungua zaidi. Dodoma kwenye mita 1,100 ni karibu asilimia 10. Mota ya umeme haipungukiwi nguvu, ila propela inakosa cha kushika: ampea zinashuka na mvuto unashuka. Dawa ni kupanda pichi kidogo, kutoka 10x5 kwenda 10x6, kisha kupima upya. Injini ya mafuta haina ujanja huo, inapoteza asilimia 15 zake, na sindano (skrubu inayopima mafuta yanayoingia) lazima ifungwe kidogo. Na kasi ya kuanguka inapanda kama asilimia 9, kwa hiyo njooni kutua mkiwa na mwendo zaidi.

BabaBalsa
Wakuu, msitufungie nje watu wa mafuta. Ndege ya balsa ya kujifunzia, mita 1.55, kilo 2.4. Injini ya .40 au .46? Na mafuta ya kuchanganya mwenyewe yanafaa?

FundiSindano
.46. Mashimo ya kufungia kwa kawaida ni yaleyale ya .40, uzito unakaribiana, na inazungusha 11x6 bila kuhangaika. Utaruka nusu mafuta na kubaki na akiba ya kutokea kwenye shida. Tangi la 300cc linakupa dakika 10 hadi 12.

Mafuta: methanoli asilimia 80 na mafuta ya mbarika asilimia 20 kwa ujazo. Huo ndio mchanganyiko wa mashindano ya FAI (shirikisho la kimataifa la michezo ya anga), kwa hiyo asikwambie mtu kwamba bila naitro injini haiwaki. Naitro (nitromethani) ya asilimia 5 hadi 15 inalainisha sailensa (injini ikizunguka polepole bila kuongezewa mafuta) na kuongeza nguvu kidogo, basi. Mbarika iwe safi, iliyochujwa. Methanoli iwe kavu: inanyonya unyevu hewani, na kwa pwani dumu lililoachwa wazi siku mbili limeshaharibika. Ni sumu, hupofusha, hupita hata kwenye ngozi, na moto wake mchana hauonekani. Dumu liandikwe, liwekwe mbali na watoto. Abiria haruhusiwi kupanda nayo ndege, hivyo msimwagize mtu anayetoka Dubai.

Petroli usijaribu. Plagi ya glo inaendelea kuwaka kwa sababu waya wake wa platinamu unachokozana na methanoli hata baada ya kuchomoa betri ya volti 1.5. Na petroli haichokozani nao.

Injini nyingi nzima zinazodaiwa mbovu zina tangi baya. Katikati ya tangi iwe milimita 6 hadi 10 chini ya sindano. Likiwa juu, mafuta yanajimwagia yenyewe. Likiwa chini, injini inakauka pua ikipanda. Lizungushie sponji, maana mtetemo unafanya mafuta yatoe povu, na povu ni hewa. Kile kizito cha ndani (kichwa cha mpira unaonyonya mafuta) kiishe milimita 10 kabla ya ukuta wa nyuma, kicheze bila kukwama. Mpira wa presha utoke kwenye eksozi uingie tangi.

Sindano ya kasi: washa, pasha joto, fungua mafuta yote. Funga sindano kidogo kidogo hadi mlio ufike kileleni, kisha rudisha hadi mizunguko ishuke 200 hadi 400. Bana mpira wa mafuta kwa vidole mara moja na kuachia: mlio ukipanda kidogo kabla ya kushuka, uko sawa. Ukizima palepale, mafuta ni kidogo. Mwisho msaidizi ashike ndege pua juu, mafuta yote, sekunde 10. Mlio ukilegea, fungua sindano vijino viwili. Usiruke kabla ya jaribio hili. Injini inayokauka hewani inapanda joto, inazima, na ikirudia mara kadhaa pistoni na silinda vimekwisha.

Sailensa: 2,200 hadi 2,500. Iache sekunde 30 kisha fungua ghafla. Ikikohoa na moshi mzito, sindano ndogo ifungwe moja ya nane ya mzunguko. Ikizima bila kukohoa, ifunguliwe kiasi hichohicho. Sindano kubwa kwanza, ndogo baadaye. Ukianza na ndogo utazunguka siku nzima.

Ukiona inabadilika badilika bila sababu, angalia plagi kabla ya kugusa chochote. Waya uwe unang'aa. Ukiwa wa kijivu na umekwaruza, badilisha. Ikishindikana, tafuta tundu dogo kwenye mpira wa mafuta.

Kipanga_Mdogo
Nimechukua 2217 ya gramu 71, ESC ya 30A, betri 2200 ya seli tatu 25C, propela 10x5E. Kuna mtego wowote kwenye kufunga?

Mwewe_wa_Pwani
Mitego ipo, na ule mbaya kuliko yote ni mdogo kuliko yote: skrubu. Matundu ya nyuma ya mota ni M3 na nyuzi zake ni za kina cha milimita chache tu. Skrubu ndefu inapita na kugusa nyaya za shaba ndani. Mota inazunguka vizuri mezani, inapasha moto, vanishi inakwanguka, halafu moshi. Pima unene wa ukuta wa plaiwudi na bamba la mota, ongeza milimita 3, usizidishe. Kaza na gundi ya nati.

Mota itazame chini nyuzi 2 na kulia nyuzi 2, ukiwa umesimama nyuma ya ndege. Washa mbili za M3 chini ya miguu ya juu zinatosha kuipindisha chini. Hii ni kwa sababu bawa la juu linavuta pua juu ukiongeza mafuta (yaani kijiti cha mwendo juu), na mzunguko wa propela unavuta kushoto.

Propela iwe na maandishi yakitazama mbele. Mota ikizunguka kinyume, badilisha nyaya zozote mbili kati ya tatu. Kama ni mota ya droni yenye nati inayojikaza yenyewe, chagua ile ambayo nyuzi zake zinakaza kwa upande ulio kinyume na mzunguko wako, la sivyo nati itatangulia kutua.

Nyaya zikipungua, refusha zile tatu za kwenda mota, siyo mbili za betri. Waya mrefu wa betri unazaa mapigo ya volti yanayoua kapasita za ESC.

Kuifundisha ESC rimoti: VUA PROPELA. Kijiti juu, unganisha betri, subiri milio miwili, shusha kijiti. Kikomo cha volti kiwe 3.3 kwa seli. Hiyo 25C ni 2.2 × 25 = ampea 55 za kwenye karatasi; hesabu nusu yake, bado inakutosha. Chaji kwa 2.2A, hifadhi kwa 3.8V kwa seli, isiachwe ndani ya gari juani.

Nyika1700
Na kwa mnaoagiza kwa wasafiri: betri hiyo ni wati-saa 24.4. Chini ya 100 inaruhusiwa kwenye mkoba wa kuingia nao ndani ya ndege, ncha zikiwa zimefungwa teipu. Kwenye begi la mizigo haikubaliki.

Ampea_Mkali
Sawa, nimekubali yaishe. Ila 4S (seli nne) bado ni tamu.

Kipanga_Mdogo
Vipimo vya leo, betri imejaa, ndege imefungwa kwenye meza, sekunde 30 mafuta yote: ampea 14.8, volti 10.8, wati 160. Mota vuguvugu, inashikika. Ndege nzima gramu 930. Kitovu cha uzito kinaangukia milimita 70 kutoka ukingo wa mbele wa bawa. Naongeza risasi puani kiasi gani?

Mwewe_wa_Pwani
Wati 172 kwa kilo, mota iko wati 2.25 kwa gramu. Hapo huna deni.

Risasi usiweke. Bawa la milimita 200 linataka kitovu kati ya 50 na 66, na kwa kujifunzia lenga 58. Unahitaji kukisogeza 12. Betri ina gramu 180: 12 × 930 ÷ 180 = 62. Sogeza betri mbele milimita 62. Ikigongana na ESC, itoe ESC nje chini ya pua, itapigwa na upepo wa propela na kupoa vizuri zaidi.

Saa ya rimoti iwe dakika 8. Ukishuka, acha betri ipumzike dakika kumi kisha pima kila seli. Zikisoma 3.8 au zaidi, ongeza dakika moja safari ijayo. Zikiwa chini ya 3.7, punguza mbili.